12 Bar Bruise ya King Gizzard: albamu ya kwanza mnayoiruka, njooni tuisikilize vizuri

FundiSpika (Malindi)

Wakuu, salaam aleikum.

Kila uzi wa bendi ya rock ya King Gizzard & the Lizard Wizard humu ndani huanzia katikati ya safari. Mtu ataanza na 2017, mwaka waliotoa albamu tano, ama ataanza pale walipogeukia rock nzito ya metali. Albamu ya kwanza hutajwa kwa sentensi moja, "ile ya makelele", kisha watu wanasonga. Leo naomba tukae na hiyo hiyo ya makelele, na nitaitetea.

Inaitwa 12 Bar Bruise. Ilitoka tarehe 7 Septemba 2012 kupitia Flightless, lebo iliyoanzishwa na Eric Moore, aliyekuwa wa bendi hiyo hiyo. Nyimbo 12, kama dakika 34 zote pamoja. Ukiiwasha basi la Mokowe likitoka steji ya Malindi, itaisha hujaiacha Gongoni mbali. Vijana wenyewe ni wa Melbourne, Australia, saba kwa idadi wakati huo, na walianza 2010 kama kundi la marafiki la kupiga kwenye sherehe. Kabla ya albamu hii walikuwa wametoa rekodi fupi mbili, Anglesea na Willoughby's Beach, zote za 2011.

Kwa asiyejua garage rock: miaka ya 1960 vijana wa Marekani walianzisha bendi ndani ya gereji za nyumbani kwao. Akodi tatu, spika ndogo iliyofunguliwa sauti hadi inakwaruza, na wimbo unarekodiwa mbio mbio kwa sababu saa ya studio inalipiwa. Mwaka 1972 Lenny Kaye alikusanya nyingi za nyimbo hizo katika santuri iitwayo Nuggets, na hapo ndipo watu walipoanza kuziheshimu. Upande wa saikedelia, rock ya kuzungusha kichwa, nao una wazee wake. 13th Floor Elevators wa Austin, Texas, walitoa albamu yao ya kwanza 1966, na mmoja wao kazi yake ilikuwa kupuliza mtungi mbele ya maikrofoni. Mtungi! King Gizzard wanatoka katika ukoo huo, wa watu wasioona haya kurekodi chochote kinachotoa sauti.

Hata ule mkwaruzo wa gitaa, fazi, asili yake inachekesha. Nashville, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanarekodi wimbo wa Marty Robbins, na laini moja ya miksa ikaharibika. Besi ya Grady Martin ikatoka imekwaruzika vibaya. Wakaiacha vile vile, wimbo ukavuma, na fundi mitambo Glenn Snoddy akaunda kifaa cha kuutoa ubovu ule kwa makusudi. Mwaka 1962 kikauzwa madukani kwa jina la Maestro FZ-1. Kwa hivyo kifaa ambacho vijana wanajinyima leo ili wakinunue kilizaliwa kutokana na miksa mbovu, na mimi niliyetengeneza miksa mbovu nyingi za harusi hapa Malindi sijawahi kulipwa kwa mkwaruzo hata siku moja. Nimelaumiwa tu.

Sasa albamu yenyewe. Walijirekodi wenyewe. Wimbo uliobeba jina la albamu ulirekodiwa kwa iPhone nne zilizowekwa pande tofauti za chumba, mwimbaji wao Stu Mackenzie akiimba ndani ya mojawapo. Vaeni earphone muusikilize huo kabla ya mwingine wowote. Nikirudi kutoka kazini nitaeleza simu nne zinafanya nini kwa sauti, maana watu wengi wanadhani ni mbwembwe.

---

Dereva_Maweni (Malindi)

Nimeipiga kwenye tuktuk kutoka Maweni hadi sokoni. Abiria akaniuliza kama injini iko sawa.

Naweka kigoda. Endelea fundi.

---

KadzoStudio (Malindi)

Fundi, nakuheshimu, lakini hapa nitakupinga. Mimi kazi yangu ni kuchanganya sauti, na albamu hii nimeisikiliza kwa spika za studio na kwa spika za gari. Watu saba, besi huisikii. Yaani ipo, lakini imezama chini ya magitaa, ukiitafuta unapata mngurumo tu. Sauti ya mwimbaji imepasuliwa hadi maneno hayashikiki. Na nyimbo zinafanana. Elbow, Muckraker, Cut Throat Boogie, nichanganyie uniulize ipi ni ipi, nitababaika.

Ninachoogopa zaidi ni hawa vijana wetu. Analeta kazi studio, amerekodi chooni kwa simu, dramu inapasuka, nikimwambia turudie ananijibu, "Dada, ndiyo staili." Nyuzi kama hizi ndizo zinazowapa maneno ya kunijibu.

---

FundiSpika (Malindi)

Dada Kadzo karibu, nilikuwa nakungoja wewe hasa.

Naanza na simu, halafu nitakuja kwenye besi.

Kila mtu humu ana video ya harusi kwenye simu. Ifungue sasa hivi, sikiliza mahali ngoma inapopigwa kwa nguvu. Ngoma ikigonga, sauti za akina mama zinazama, halafu baada ya nukta kidogo zinapanda tena juu, kisha ngoma inagonga tena, zinazama. Zinapumua. Hiyo ni simu inayojirekebisha yenyewe: ikisikia kitu kikubwa inapunguza sauti yote, kikipita inairudisha. Iliundwa hivyo ili ukizungumza na mtu usimpasue sikio. Ukiipigia bendi nzima ya rock, inahangaika, haipati pumziko, na kila kitu kinabanwa pamoja kuwa ukuta mmoja. Studio hununua mashine ghali za kubana sauti namna hiyo. Simu inafanya bure, na inafanya kwa ukatili ambao mashine ya studio ingeuonea aibu.

La pili ni umbali. Sauti hewani hukimbia kama mita 343 kwa sekunde. Simu iliyo mdomoni inapokea sauti papo hapo. Iliyo mita tatu nyuma inaipokea baada ya karibu sehemu tisa za elfu za sekunde, yaani milisekunde 9. Sikio halisikii kama mwangwi, ni fupi mno. Lakini ukizijumlisha sauti hizo mbili, kuna mawimbi yanayoongezana na mengine yanayofutana, na unapata ule mviringo, kama wimbo unaimbwa ndani ya bomba. Simu nne, umbali nne tofauti, mviringo juu ya mviringo. Ndiyo saikedelia yenyewe hiyo, na hakuna kifaa hata kimoja kilichonunuliwa.

Kuhusu besi, dada, sikubishii. Imezama. Lakini sikiliza dramu na gitaa vinavyoshikana kwenye Elbow. Hakuna anayechelewa. Zima fazi yote kichwani mwako, bakisha mapigo peke yake, utakuta bendi iliyofanya mazoezi. Fujo iko kwenye sauti, mapigo yamenyooka. Kijana wako wa chooni mpe kipimo hicho. Mwambie apige wimbo wake kwa gitaa kavu, bila mkwaruzo, na ngoma ya mkono. Ukisimama, basi mkwaruzo ni staili. Ukianguka, alikuwa anajificha.

---

Msafiri_Mokowe (Lamu)

Samahani wakuu, mimi ni mgeni wa muziki huu. Nimeitafuta Spotify, sioni bendi kabisa. Na hiyo "12 bar" ni nini? Mimi bar naijua moja na siendi.

---

FundiSpika (Malindi)

Hahaha, usiende, kaa hapa hapa.

Vipimo 12. Blues ya zamani ina mzunguko wa akodi tatu unaochukua vipimo 12, kila kimoja mapigo manne, kisha unarudi mwanzo. Rock ya mwanzo sehemu kubwa imejengwa juu ya mzunguko huo. Hawa wameuchukua wakaupiga hadi ukavilia damu.

Spotify huwapati kwa sababu waliondoa nyimbo zao Julai 2025, wakipinga aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, Daniel Ek, kuweka pesa zake katika Helsing, kampuni ya teknolojia ya kivita. Nenda Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Hawa watu hawana choyo na kazi zao: albamu yao Polygondwanaland ya 2017 waliitoa bure, pamoja na faili zote za kutengenezea santuri, wakasema anayetaka kuichapisha na aichapishe.

---

Mzee_wa_Mkomani (Lamu)

Vijana hamjambo.

Mjukuu wangu amenitilia nyimbo tatu yeo baada ya alasiri. Kwangu ni zogo. Lakini siwezi kusema zogo nikanyamaa, kwani hata sisi tulipokuwa vijana tukiweka tepu mbele ya waimbaji, wazee walisema ni zogo.

Nina suala moja tu. Mashairi yake ya wapi? Hapa Lamu wimbo hupimwa kwa maneno kwanda, ala huya nyuma. Mtu huenda arusini asikize fumbo, arudi nalo nyumbani alifumbue na mkewe. Hawa waimba nini?

---

FundiSpika (Malindi)

Shikamoo mzee wangu. Umenishika pabaya.

Kwa maneno, albamu hii haina utajiri. Sitakudanganya. Mengi ni maneno ya kurushwa, yanayofanya kazi ya ngoma zaidi ya kazi ya ushairi. Sea of Trees ina uzito kidogo, jina lake ni la msitu wa Aokigahara chini ya mlima Fuji, Japani, msitu wenye sifa za huzuni. Wimbo wa mwisho, Footy Footy, ni majina ya wachezaji wa mpira wa Australia yamepangwa tu moja baada ya jingine, kwa kelele na kwa mapenzi.

Lakini kuna kimoja katikati ambacho nadhani kitakufaa. Kinaitwa Sam Cherry's Last Shot. Hakiimbwi, kinasomwa. Ni kisa cha nyika za magharibi mwa Marekani, cha zama za farasi na bunduki, na anayekisoma ni Broderick Smith, mwimbaji mkongwe wa Australia wa bendi ya The Dingoes. Huyo ni baba mzazi wa Ambrose Kenny-Smith, yule anayepuliza kinanda cha mdomo katika bendi na kuimba Cut Throat Boogie. Mzee anasoma taratibu, sauti nzito, na vijana nyuma yake wanapiga bila kumfunika.

---

Mzee_wa_Mkomani (Lamu)

Hicho nimekisikiza sasa. Kiingereza changu ni cha forodhani lakini nimemfahamu.

Baba akisoma, mwana akipiga nyuma yake. Hilo nimelipenda. Na hilo la kutaja majina ya wacheza mpira nalo silioni baya. Kuna mtu hapa mui mzima wamjua, ukimuuliza atakutajia manahodha wa majahazi wa zamani bila kupumua, na watu hukaa wakamsikiza hadi isha.

Zogo lenyewe bado nalikataa.

---

KadzoStudio (Malindi)

Mzee umetoa hukumu ya kadhi, kila mtu amepewa chake.

Fundi, kuhusu kipimo cha gitaa kavu nitakichukua, nitakitumia hata wiki hii. Ila Sam Cherry mimi ndiyo iliyonikata stimu. Albamu inakimbia, unaingia kwenye kasi, halafu katikati unakalishwa chini usomewe hadithi. Mpangilio mbaya. Ningeiweka mwisho.

---

FundiSpika (Malindi)

Ungeiweka mwisho, Footy Footy ungeipeleka wapi? Ile haiwezi kufuatwa na kitu.

Na angalia kilichotokea baadaye. Miezi mitano tu tangu albamu hii, Februari 2013, wakatoa Eyes Like the Sky, na hiyo yote kuanzia mwanzo hadi mwisho ni Broderick Smith anasimulia, bendi inapiga. Kwa hivyo kile kipande unachotaka kukisukuma pembeni ndicho kilichozaa albamu ya pili. Mzee alifariki 2023, rekodi zikabaki.

Ndiyo maana nasema msiiruke hii ya kwanza. Karibu kila walichofanya baadaye kina mbegu humu: masimulizi, kujirekodi wenyewe, ule utundu wa kuuliza "itakuwaje tukiweka simu nne?" Bendi iliyoanza kwa kutafuta sauti safi isingefika walikofika hawa.

---

BintiShela (Lamu)

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini fundi amegusa ndipo.

Mimi nilikuja kwa bendi hii kwa mlango mwingine, Flying Microtonal Banana, Februari 2017. Mackenzie alikuwa na baglama ya Kituruki, ile ala ya nyuzi yenye sauti za katikati ambazo gitaa la kawaida halina. Akazipenda, akaundiwa gitaa lenye vizuizi vya ziada ili lipige robo toni. Humo ndani kuna zurna pia. Nilipoisikia mara ya kwanza niliinuka kitandani. Zurna ile ni jamaa wa karibu wa zumari yetu! Mtu aliyekulia Lamu akasikiliza kirumbizi, vijana wanazunguka na fimbo, zumari inalia juu ya ngoma bila kusimama kuvuta pumzi, hawezi kushtushwa na rock. Zumari ina kila kitu ambacho fazi inakitafuta: inakwaruza, inaziba sauti zote, na ikipigwa uchochoroni hujui inatoka upande gani.

Na robo toni, wakuu, sisi tumezisikia tangu utotoni kwenye udi. Zein l'Abdin, bingwa wa udi, alizaliwa hapa Lamu. Sikilizeni udi wake kisha mniambie kama Melbourne ndiko zilikovumbuliwa.

Kwa hivyo nikarudi nyuma kuisikiliza hii ya kwanza nikiwa na masikio ya zumari, na haikunisumbua hata kidogo. Dada Kadzo anasema besi haisikiki. Kirumbizi hakina besi, na hakuna aliyewahi kurudi nyumbani akilalamika.

---

Dereva_Maweni (Malindi)

"Hakuna aliyewahi kurudi nyumbani akilalamika." Kadzo, jibu hilo.

---

KadzoStudio (Malindi)

Najibu. Kirumbizi unakisikia kwa mwili wako, umesimama pale, ngoma inakugonga kifuani. Kirekodi kwa simu uone kama kifua kitagongwa. Tatizo langu halikuwa kelele, ni kile kinachopotea kati ya chumba na faili.

---

BintiShela (Lamu)

Ngoja nikupe basi, kwa sababu tumejaribu. Ndugu yangu ana gitaa la umeme na spika ndogo, na familia ina nyumba ya mawe huku Langoni ambayo sasa haina mtu. Tukachukua simu nne za nyumbani, wala si iPhone, za kawaida zenye vioo vilivyopasuka.

Mnazijua nyumba hizi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake unaamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kuta ni mawe ya matumbawe, nene, zimepakwa chokaa ngumu. Ukipiga kofi mwisho mmoja wa chumba, kofi linakwenda na kurudi kwa urefu, linatetemeka, trrrr, kabla halijafa. Kwa upande wa upana husikii kitu, ukuta uko karibu mno.

Simu ya kwanza tuliiweka mbele ya mdomo wake, kwenye kigoda. Ya pili mwisho wa chumba, chini. Ya tatu ndani ya kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu. Ya nne kwenye ngazi, nje ya mlango kabisa.

Ya mdomoni ilipasuka, kama tulivyotaka. Ya mwisho wa chumba ilileta ule mtetemo, na kwa gitaa ulikuwa mtamu sana, kila nyuzi ina mkia. Ya ngazini ilikamata gitaa kidogo, na juu yake punda, mashine ya boti ya mtu asiyejulikana, na watoto wanaobishana kuhusu karata. Lakini iliyotushangaza ni ya kidakani. Kidaka ni kisanduku cha chokaa, kidogo, na kina umbo lake. Baadhi ya noti zilikuja kubwa mno, nyingine zikamezwa. Ndugu yangu akipiga noti fulani nzito, kidaka chote kinaitika, na simu inanasa mwitiko ule. Dada Kadzo, besi yako tuliikuta kidakani.

---

KadzoStudio (Malindi)

Sasa unaongea lugha yangu. Mlizilinganishaje? Simu nne hazianzi kurekodi kwa wakati mmoja.

---

BintiShela (Lamu)

Kofi moja kali mwanzoni, zote zikiwa zinarekodi. Kwenye kompyuta tukalitafuta kofi lile katika faili zote nne, ukiliona limesimama kama mwiba, tukalipanga mahali pamoja. Lakini kaka akagundua jambo. Ukilipanga kofi sawa sawa kabisa, unaua ule umbali aliouelezea FundiSpika, kwani kofi lenyewe lilichelewa kufika kwenye simu za mbali. Mviringo wote unapotea, sauti inakuwa nene lakini imekufa. Kwa hivyo tukazisogeza tena nyuma kwa kukisia, kufuata urefu wa chumba.

---

FundiSpika (Malindi)

Usikisie. Pima kwa futikamba, kila mita ni kama milisekunde 3. Simu ya mita tano isogeze milisekunde 15 hivi. Au kabla ya kuziweka, mtu azishike zote pamoja mkononi zikiwa zinarekodi. Kofi moja, simu nne mkononi, kisha ndipo uzipeleke mahali pake bila kuzizima. Umbali unabaki kama ulivyo.

---

BintiShela (Lamu)

Hiyo ya mkononi ni safi. Tunaichukua.

---

Msafiri_Mokowe (Lamu)

Nimeisikiliza yote sasa, nikiwa nangoja abiria. Maoni ya mgeni: Elbow nimeipenda, High Hopes Low nimeipenda zaidi, Uh Oh, I Called Mum sijaielewa. Ya simu nne niliirudia kwa sababu yenu na nimeusikia ule mviringo, kichwa kinazunguka kidogo. Lakini niulize kwa nini tunazungumzia Waaustralia tu? Afrika hakuna waliofanya hivi?

---

FundiSpika (Malindi)

Wapo, na walitangulia. Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na WITCH, mwimbaji wao Emmanuel "Jagari" Chanda. Albamu yao ya kwanza inaitwa Introduction. Fazi tupu, kinanda, dramu kavu. Kuna na Amanaz, albamu yao Africa ya 1975. Mtindo wote ukaitwa Zamrock. Ukisikiliza Introduction na 12 Bar Bruise mfululizo utaona miaka 40 hivi imepita na bado ni mchezo ule ule: vijana wachache, chumba, spika inayoumia.

Hiyo inastahili uzi wake. Atakayeufungua anitag.

Pwani yetu kuna bendi nzuri tu za hotelini, lakini mnajua wenyewe. Mpiga gitaa anaweza kupiga chochote duniani, na kila usiku anaombwa nyimbo zile zile nne za watalii. Namjua mmoja hapa Malindi ana fazi kwenye begi, huitoa baada ya wageni kulala. Meneja alimkuta, akamwambia anaharibu spika za watu.

---

Dereva_Maweni (Malindi)

Meneja ni KadzoStudio?

---

KadzoStudio (Malindi)

Endesha tuktuk.

FundiSpika, mlete huyo mpiga gitaa. BintiShela, nyumba ya Langoni mnaitumia lini tena? Nitapanda basi la asubuhi, nakuja na maiki mbili za kwangu. Sitazigusa simu zenu, simu nne zibaki nne. Maiki zangu naweka moja kidakani na moja nyuma ya spika, kwa ajili ya besi tu. Tukimaliza tunasikiliza matoleo mawili, lenye maiki zangu na lisilo nazo, na Mzee wa Mkomani ndiye hakimu.

---

Mzee_wa_Mkomani (Lamu)

Mimi nitakuya. Lakini sharti kuwe na mtu asomaye. Mkiniwekea kiti mbele ya hiyo simu ya kidakani, nina utendi kichwani wa kutosha kuwachosha. Nyinyi pigeni zogo lenu nyuma, musinifunike.

---

BintiShela (Lamu)

Mzee!! Kiti kipo.

Dada Kadzo, njoo baada ya Ijumaa, Ijumaa yenyewe hatupigi. Tunaanza asubuhi mapema kabla boti hazijaamka, na adhana ikianza tunazima kila kitu. Beba waya wa umeme mrefu, soketi inayofanya kazi ni moja, iko chini.

---

FundiSpika (Malindi)

Waya ninao, wa harusi, mita 50. Na mpiga gitaa amekubali, anauliza tu kama kuna chakula.

---

BintiShela (Lamu)

Mwambie wali wa nazi na samaki wa kupaka. Faili nitazituma WhatsApp siku hiyo hiyo.

---

KadzoStudio (Malindi)

WhatsApp usithubutu, inaweza kuzibana tena juu ya zilivyobanwa. Nakuja na flashi.